Protini ya Bluu Ndani ya Jani la Kijani

Juzuu ya 186 ya jarida la Nature, ya mwaka 1960, ina makala mbili fupi ambazo huwa nawapa wanafunzi wangu wazisome pamoja. Katika ya kwanza, Robert Hill na Fay Bendall wa Cambridge wanaeleza kwamba jani hutumia mwanga mara mbili, hatua moja nyuma ya nyingine, na kati ya hatua hizo elektroni hupokezanwa na molekuli zilizojipanga. Katika ya pili, kurasa kama mia nne mbele, Sakae Katoh wa Tokyo anatangaza protini mpya yenye shaba, aliyoitoa kwenye mwani mdogo wa kijani uitwao Chlorella ellipsoidea. Hill na Bendall walikuwa wamechora njia. Katoh alikuwa amemshika mmoja wa wapokezi wa njia hiyo, ila mwaka ule hakuna aliyejua kwamba ndiye.

Protini hiyo ni ya bluu. Kila jani la mchicha, la mhindi, la mkahawa na la mwembe linayo. Hatuioni kwa sababu klorofili imeifunika, na kwa sababu ni kidogo mno. Wajapani waliipa jina plastosianini. Nimefundisha mazoezi ya maabara ya biokemia karibu maisha yangu yote ya kazi, na historia ya watu walioitoa protini hii ndani ya jani, kisha wakaisoma herufi kwa herufi, ndiyo ninayoijali kuliko nyingine yoyote katika fani yangu. Siku hizi inasimuliwa vibaya. Inasimuliwa kana kwamba watu wale walikuwa wakipoteza muda wakingojea mashine za kusoma DNA zifike. Sikubaliani na hilo, na hapa nitaeleza kwa nini.

Tuanze na shaba. Kwamba mmea hauishi bila shaba ilijulikana tangu miaka ya 1930. Kazi ya shaba hiyo ndiyo haikujulikana. Mwaka 1949 Daniel Arnon, huko Berkeley, California, aliitafuta ndani ya kloroplasti za Beta vulgaris, mmea ambao majani yake sisi huuziwa sokoni kama spinachi. Alikuta kimeng'enya chenye shaba, polifenoli oksidesi, ambacho ndicho hugeuza maji ya majani yaliyosagwa kuwa ya kahawia ukiyaacha mezani. Makala yake imenukuliwa kuliko karibu zote katika elimu ya mimea, lakini si kwa ajili ya shaba. Ndani yake mna hesabu ya kupima klorofili kwa asetoni ya asilimia 80, na wanafunzi wa botania wa dunia nzima wameitumia bila kujua kichwa cha makala kilisema nini. Arnon alikuwa amefika mlangoni. Shaba inayofanya kazi katika usanisinuru wenyewe ilikuwa humo humo ndani ya kloroplasti zake.

Mimi nimekulia Kibosho, na shaba niliijua kabla sijajua neno kemia. Baba alichanganya mrututu, ile chumvi ya shaba, na chokaa kwenye pipa, akapulizia mikahawa kuzuia kutu ya majani na chulebuni, na shamba zima likabaki na rangi ya bluu iliyopauka hadi mvua inyeshe. Wazee walishikilia kwamba mkahawa uliopigwa mrututu hukaa na majani yake muda mrefu zaidi hata pasipo ugonjwa, na watafiti wa kahawa wa Kenya waliliona jambo hilo hilo. Sidai kwamba plastosianini ndiyo sababu. Kule Bonde la Ufa, kwenye udongo wa majivu ya volkano, mambo yalikuwa wazi zaidi: miaka ya 1960 ilibainika kwamba ngano ya huko ilikuwa na njaa ya shaba. Ngano yenye njaa hiyo hupauka ncha za majani, majani hujisokota, na masuke hutoka bila punje.

Katoh hakutoka kwenye kilimo. Alikuwa akichambua saitokromu za mwani, yaani protini nyekundu zenye chuma, ikiwemo ile ya Porphyra, mwani ambao Wajapani huukausha wakala kama nori. Chlorella nayo haikuwa kiumbe cha bahati nasibu mjini Tokyo. Baada ya vita, watafiti chini ya Hiroshi Tamiya walikuwa wakiikuza kwa wingi wakitumaini kwamba siku moja ingelisha watu wenye njaa, hivyo ilikuwepo, ikijulikana tabia zake zote. Mtu aliyezoea kufuata rangi nyekundu akakutana na bluu na hakuipuuza. Mwaka 1961 yeye na Takamiya na wenzao walionyesha kwamba protini hiyo imo katika mimea mingi na kwamba makao yake ni kloroplasti. Mwaka 1962 wakachapisha namna ya kuisafisha kutoka kwenye spinachi. Mahali pake kwenye njia ya elektroni palithibitishwa katikati ya miaka ya 1960, pale Gorman na Levine wa Harvard walipopata mwani wa Chlamydomonas uliokosa plastosianini: njia ilikatika palepale, kati ya saitokromu na hatua ya mwanga inayofuata.

Kazi ya kuisafisha huandikwa vitabuni kwa sentensi moja, na sentensi hiyo inawadhulumu walioifanya. Majani yanunuliwe alfajiri, kabla jua halijayachosha. Yaoshwe, mishipa minene itolewe, yasagwe kwenye bafa baridi, na kila kitu kuanzia hapo kifanyike kwenye baridi ya nyuzi 4 hivi, kwa sababu kile kimeng'enya cha Arnon hakilali. Ukichelewa, maji yanakuwa kahawia na protini zinashikamana na uchafu ambao hautoki tena. Kisha asetoni iliyopozwa inamiminwa kidogo kidogo huku ukikoroga; utando wenye klorofili unagandamana na kutua. Baada ya sentrifuji yanabaki juu maji ya manjano hafifu. Humo ndimo ilimo, pamoja na mamia ya protini nyingine.

Yanayofuata ndiyo ninayoyapenda. Maji hayo hupitishwa kwenye bomba la kioo lililojazwa selulosi nyeupe yenye chaji chanya. Plastosianini ni protini ya asidi, kwa hiyo hukamatwa, huku nyingi za wenzake zikipita. Juu kabisa hujikusanya mkanda wa rangi ya kutu: hiyo ni feredoksini, protini nyingine ya usanisinuru, ambayo hung'ang'ania zaidi. Ukiongeza chumvi taratibu plastosianini huachia na kuanza kushuka, lakini mara nyingi huioni. Shaba yake ikiwa imebeba elektroni haina rangi yoyote.

“Madam, hapa hamna kitu,” aliniambia mwanafunzi mmoja, akiwa ameliinamia bomba tangu asubuhi.

“Imo. Imeshika elektroni tu. Chukua hayo maji ya kwenye mirija ya nne na ya tano, yadondoshee ferisianidi.”

Alidondosha. Ferisianidi huinyang'anya shaba elektroni yake, na maji yaliyokuwa meupe yakawa ya bluu ya kukolea mbele ya macho yake. Aliwaita wenzake kwa sauti ambayo haikustahili maabara, nami sikumkanya.

Rangi hiyo hupimwa. Plastosianini hunyonya mwanga kwa nguvu zaidi kwenye urefu wa wimbi wa nanomita 597, na protini kwa jumla hupimwa kwenye 278. Vipimo hivyo viwili vikikaribia kulingana, unajua umeisafisha. Kilo nzima ya majani hutoa miligramu chache tu. Mtu aliyetaka kusoma mfuatano wa protini hiyo miaka ya 1970 alihitaji kusaga majani kwa magunia.

Kipimo kimoja cha mwanzo hakikukaa. Katoh na wenzake walipima uzito wa molekuli ya spinachi wakapata 21,000, yenye atomu mbili za shaba. Kwa vifaa vya wakati ule kilikuwa kipimo cha watu makini. Jibu la mwisho lilipatikana kwa kusoma mnyororo wenyewe.

Kusoma protini kulianza Cambridge, ambako Frederick Sanger alimaliza insulini, herufi 51, mwaka 1955. Ninaposema herufi ninamaanisha asidi amino, zile aina 20 zinazounganishwa kufanya mnyororo. Njia iliyokuja kutawala ilikuwa ya Pehr Edman, aliyoichapisha mwaka 1950: kemikali hujishika kwenye herufi ya kwanza, herufi hiyo hukatwa na kutambuliwa, mnyororo uliobaki hurudishwa kazini, na herufi ya pili inakuwa ya kwanza. Tatizo ni kwamba kila mzunguko hupoteza kidogo. Baada ya makumi ya mizunguko, molekuli zilizochelewa na zilizotangulia huchanganyika na usomaji huwa kelele tupu. Mwaka 1967 Edman na Geoffrey Begg, wakiwa Melbourne, walitangaza mashine ya kufanya mizunguko hiyo yenyewe. Mwaka huo huo Matsubara, Sasaki na Chain walichapisha mfuatano wa feredoksini ya spinachi, herufi 97. Jani lilikuwa limeanza kusomeka.

Plastosianini ilisomwa Uingereza. Edinburgh, Kelly na Ambler walimaliza ya mwani Chlorella fusca mwaka 1974. Durham, mji wa kaskazini uliokuwa umezungukwa na machimbo ya makaa ya mawe, idara ya botania ya Donald Boulter ilitoa ya viazi mviringo na ya maharage mapana mwaka huo huo, na ya spinachi mwaka 1975, kazi ya Scawen, Ramshaw na Boulter.

Mnyororo wa spinachi ni wa herufi 99. Unafaa kutazamwa kwa karibu, kwa kuwa hapo ndipo akili ya kazi hii inapoonekana. Huwezi kusoma 99 kwa mkupuo mmoja, kwa hiyo unakata. Kemikali iitwayo sianojeni bromidi hukata baada ya kila methionini, na mnyororo huu una methionini mbili tu, nambari 57 na nambari 92. Unapata vipande vitatu: cha 57, cha 35 na cha 7. Vimechanganyika ndani ya mrija mmoja na havina namba mgongoni. Utavipangaje? Protini nzima inaanza na valini, glutamati, valini. Kipande kirefu kinaanza vivyo hivyo, basi ndicho cha kwanza. Sianojeni bromidi ikikata huigeuza methionini kuwa homoserini, kwa hiyo kila kipande huishia na homoserini isipokuwa mkia wa mnyororo. Kile cha herufi saba hakina homoserini: valini, glisini, laisini, valini, threonini, valini, asparajini. Ndicho cha mwisho. Kilichobaki, kinachoanza na serini, ni cha katikati. Kisha kila kirefu hukatwa tena kwa vimeng'enya vinavyokata mahali pengine, ili vipande vipya vipite juu ya viungo vya zamani na kuthibitisha. Huwa nawapa wanafunzi vipande hivyo kwenye karatasi, wavipange wenyewe, na hakuna darasa ambalo halikubishana kwa sauti.

Herufi 99 ni uzito wa karibu 10,500. Mnyororo mmoja una shaba moja, na ile 21,000 ya mwanzo ni sawasawa na molekuli mbili. Mjadala ukaisha.

Boulter hakusoma plastosianini kwa ajili ya usanisinuru tu. Alitaka kujua udugu wa mimea. Wazo lilikuwa kwamba mimea iliyoachana karibuni itatofautiana kwa herufi chache, na iliyoachana zamani kwa nyingi. Maabara yake ilisoma sehemu ya mwanzo ya mnyororo kutoka mimea mingi, na mwaka 1979 ikachapisha ulinganisho wa familia 10 za mimea inayotoa maua. Matokeo yalikuwa magumu. Herufi ile ile ilikuwa imebadilika mara nyingi, kwenye koo zisizohusiana, na kuleta sura ya udugu mahali ambapo haupo. Ninamheshimu kwa kuliweka hilo wazi, kwani mtu aliyetumia miaka na magunia ya majani angeweza kushawishika kuuchora mti wake na kuukalia kimya. Swali lake lilipata jibu zuri zaidi mwaka 1993, Mark Chase na wenzake walipolinganisha jeni moja ya kloroplasti, rbcL, kutoka mimea 499. Hiyo nayo ni jeni ya protini ya usanisinuru, ile kubwa inayokamata kaboni dioksidi.

Nitaje pia kwamba maabara hiyo hiyo ya Durham ilifanya kazi inayotuhusu sisi walaji wa kunde. Mwaka 1979, akina Gatehouse pamoja na Boulter walichunguza kunde za aina moja kutoka taasisi ya utafiti wa kilimo ya IITA, Ibadan, ambazo wadudu wa ghalani walishindwa kuzila, wakaeleza kwamba mbegu zake zilikuwa na wingi wa protini inayozuia mmeng'enyo wa mdudu. Mikono iliyofundishwa kusafisha protini ya jani ndiyo iliyosafisha ya kunde.

Mwaka 1978 ulikuwa mwaka mkubwa. Hans Freeman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Sydney walichapisha umbo la plastosianini ya mti wa poplari, lililopatikana kwa kupitisha eksirei kwenye fuwele zake za bluu. Jina la John Ramshaw, yule wa Durham, limo pia kwenye makala hiyo. Shaba ilionekana imeshikwa na herufi nne: histidini nambari 37, sisteini nambari 84, histidini nambari 87 na methionini nambari 92. Ukiutazama mnyororo kwenye karatasi, ya kwanza iko mbali sana na tatu za mwisho. Mnyororo unapojikunja ndipo zinapokutana. Hizo nne hazibadiliki kutoka spinachi hadi poplari. Bluu inatoka hapo, hasa kwenye kifungo kati ya shaba na salfa ya ile sisteini, ambayo ni sisteini pekee ya mnyororo mzima. Shaba ya mrututu ina bluu yake, lakini protini hii, kwa kila atomu ya shaba, ina rangi kali kuliko chumvi hiyo mara nyingi sana.

Ramani ya eksirei peke yake, kwa ukali wa wakati ule, isingetosha kutofautisha kila herufi. Aliyekuwa na mfuatano mkononi ndiye aliyeweza kuifuata mikunjo bila kupotea.

Kisha ikaja DNA. Mwaka 1985 Sjef Smeekens na wenzake wa Utrecht, Uholanzi, walisoma maandishi ya jeni ya plastosianini kutoka mmea wa Silene pratensis. Kusoma DNA kulikuwa kwepesi na kwa haraka kuliko kusoma protini, na tangu hapo watu wachache walirudi kwenye magunia. Hapa ndipo masimulizi ya siku hizi huweka nukta: zamani walisaga majani, halafu tukapata njia bora.

Tazama lakini walichokikuta. Jeni iliandika mnyororo mrefu kuliko protini inayopatikana ndani ya jani. Mbele kulikuwa na herufi 66 ambazo hakuna aliyewahi kuzisoma kwenye plastosianini, kwa sababu hazimo. Ni hati ya kusafiria: jeni hii iko kwenye kiini cha seli, protini inatengenezwa nje ya kloroplasti, na ni lazima ivuke utando wa kloroplasti, kisha utando wa thailakoidi zilizo ndani yake, ndipo ifike kazini. Kila hati ikishatumika hukatwa na kutupwa. Jeni haisemi kisu kinapita wapi. Tunajua kwamba plastosianini inaanzia pale inapoanzia kwa sababu watu walikuwa wameitoa ndani ya jani na kuisoma kuanzia herufi yake ya kwanza. Jeni ilitufunulia herufi 66 zilizopotea, na usomaji wa protini ulitufunulia kwamba zimepotea. Ukiondoa kazi ya Durham, ugunduzi wa Utrecht unabaki maandishi marefu yasiyojulikana wapi pa kukata.

Wala jeni haina shaba ndani yake. Hakuna herufi za DNA zinazosomeka “bluu”. Wanafunzi huniuliza kwa nini tusage majani wakati mfuatano upo kwenye kompyuta na unapatikana kwa sekunde chache. Nawajibu kwamba waliouweka pale walijua wanatafuta nini kwa sababu mtu wa Tokyo aliiona rangi kwanza.

Swali moja lilibaki wazi muda mrefu: je, jani linaweza kuishi bila plastosianini? Halikuwa swali la kipuuzi. Mwaka 1978 Paul Wood wa Cambridge alionyesha kwamba baadhi ya mwani, ukikosa shaba, huacha kutumia plastosianini na kuweka mahali pake saitokromu ndogo yenye chuma. Ni jamaa wa zile saitokromu nyekundu ambazo Katoh alikuwa akizichambua alipokutana na bluu. Huenda mimea ya nchi kavu nayo ilikuwa na mbadala wake. Mwaka 2003 Weigel na wenzake nchini Ujerumani walizima jeni zote mbili za plastosianini katika mmea wa Arabidopsis. Miche iliyotokea haikuweza kujitengenezea chakula kwa mwanga, na ilikua tu ilipopewa sukari.